Mcheza kwao hutunzwa: barua ya wazi kwa wasimamizi wa ukumbi wetu

Kwa Bwana Mkurugenzi wa ukumbi,
Kwa wajumbe wote wa kamati ya usimamizi,
Lubumbashi

Yahusu: hali ya piano itakayopigwa usiku wa shukrani kwa Mwalimu

Waheshimiwa,

Salamu za heshima ziwafikie. Barua mbili tumekwisha kuwaandikia kwa faragha, ya kwanza mwezi wa tano, ya pili mwezi wa saba. Zote zilipokelewa na kugongwa muhuri, lakini hakuna iliyojibiwa. Sasa tunaandika hadharani kwa sababu siku inakaribia, na kazi tunayoiomba haiwezi kufanywa kwa siku moja.

Mmetangaza usiku wa shukrani kwa mpiga piano ambaye mji huu humwita Mwalimu, na kila mtu hujua ni nani. Tulifurahi kusoma tangazo lile. Limetaja maua, hotuba, kitenge cha kumbukumbu na picha kubwa ukutani. Piano haikutajwa hata mara moja. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na Mwalimu yuko kwao. Lakini mpiga piano hutunzwa kwanza kwa kutunziwa chombo chake. Hilo ndilo jambo letu lote.

Mpiga gitaa huja na gitaa lake mgongoni, mpiga violini na violini yake kwapani. Mpiga piano hukuta chombo pale alipoalikwa, na jioni ile ile huhukumiwa kwa sauti ya kitu ambacho si chake. Krystian Zimerman, Mpolandi, anajulikana kwa kusafiri na piano yake mwenyewe. Arturo Benedetti Michelangeli wa Italia alijulikana kwa kufuta maonyesho pale chombo au hali ilipokuwa haimridhishi. Mwalimu hana lori la kubebea piano, wala hajawahi kuwafutia onyesho hata moja. Uvumilivu wake mmeuzoea, hata mkadhani piano ni nzima.

Si nzima. Katika onyesho la Pasaka, walioketi safu za mbele upande wa kushoto waliona kidole kidogo cha mkono wa kulia kikiingia chini ya ukingo wa kibao cha noti ya mi, kikakiinua na kukirudisha mahali pake, huku vidole vinne vinaendelea na wimbo. Ukumbi ulishangilia ustadi ule, na ulistahili kushangiliwa. Lakini hakuna mpiga piano anayepaswa kutumia kidole kimoja kufanya ufundi wa ukarabati katikati ya muziki.

Safari hii Mwalimu amechagua sonata (kipande kirefu cha muziki) ya mwisho ya mtunzi Franz Schubert, ile ya “si bemoli”, yaani noti ya si iliyoshushwa hatua moja ndogo, iliyoandikwa Septemba 1828, wiki chache kabla mtunzi hajafa. Inaanza kwa wimbo mtulivu, kama watu wanaoimba kanisani bila kufumbua sana midomo. Kwenye kipimo cha nane cha muziki huo, chini kabisa mkono wa kushoto, noti ya sol bemoli inatetemeka, ikipokezana upesi na noti jirani, kwa sauti ndogo mno, kisha kimya. Wapiga wengi huutikisa mtetemo ule kama kengele. Mwalimu haviachi vibao virudi hadi juu. Vidole vinabaki vimevigusa, na sauti inafika kama ngurumo ya mvua ambayo bado iko upande wa mji wa Likasi. Tunaomba msomapo hoja zifuatazo mkumbuke mtetemo huo, kwa sababu karibu kila ubovu tunaoutaja unaugusa.

1. Sauti ya piano imeshuka. Noti ya la ya kati, ambayo inatakiwa kutetemeka mara 440 kwa sekunde, inasoma 431. Tofauti hiyo ni zaidi ya theluthi ya nusu-toni, yaani ya hatua ya kutoka kibao kimoja hadi kibao jirani. Mwalimu akipiga peke yake, msikilizaji wa kawaida anaweza asiitambue. Akiingia mpiga klarineti au tarumbeta, kama mlivyopanga kwa sehemu ya pili ya usiku, itakuwa vigumu sana wapatane, maana vyombo vile havishuki kiasi hicho bila kuharibika sauti.

Tunajua mtasema: basi aitwe mtu asubuhi ile aikaze. Hapo ndipo kosa hufanyika. Piano kubwa ya tamasha ina nyuzi zipatazo 230, na zote kwa pamoja zinavuta fremu ya chuma kwa nguvu ya karibu tani 18 hadi 20. Kuipandisha kutoka 431 hadi 440 ni kuongeza mvuto wa takribani robo tatu ya tani. Mzigo huo ukiongezeka, ubao wa sauti ulio chini ya nyuzi unabonyea kidogo, na nyuzi zilizokazwa mwanzo zinashuka tena kabla fundi hajafika mwisho. Kwa hiyo hupitiwa mara ya kwanza haraka, juu kidogo ya kipimo, ikaachwa siku kadhaa itulie, ikapitiwa mara ya pili, na mara ya tatu kwa utulivu. Ikikazwa yote asubuhi ya onyesho, saa mbili za usiku itakuwa imeshaachana yenyewe kwa yenyewe. Nyuzi kuukuu pia hukatika zikivutwa kwa pupa, na zile za juu kabisa, nyembamba, ndizo hutangulia.

2. Nyundo zimekuwa ngumu. Kila nyundo ni kipande cha mti kilichovikwa felti, yaani sufu iliyoshindiliwa. Kila inapogonga nyuzi, felti inabanwa na kuchorwa mifereji. Kwenye oktava mbili za katikati (oktava moja ni vibao kumi na viwili mfululizo) mifereji hiyo sasa ni mirefu kiasi cha kuonekana kwa jicho, na sauti yake ni ya bati. Dawa yake ni kusugua felti kwa msasa mwembamba hadi nyundo irudie umbo la yai, kisha kuichoma kwa sindano mabegani ili ilainike, ukijaribu kibao kimoja kimoja kwa sikio. Sindano ikizidi, au ikiingia kwenye ncha, nyundo inapoteza uhai na hairudi. Kazi hii haifanywi na mtu anayejaribu bahati yake.

3. Vibao havijibu sawa. Kibao kinatakiwa kushuka kama milimita 10 kwa uzito wa karibu gramu 50. Nyundo inatakiwa iachiliwe ikiwa imebakiza milimita moja au mbili kufika kwenye uzi, ili iruke yenyewe umbali huo mdogo. Kwenye piano ya ukumbi wetu, upande wa chini, nyundo zinaachiliwa mapema mno, zikiwa bado mbali. Ukipiga kwa nguvu husikii kasoro yoyote. Ukipiga polepole, nyundo inakufa njiani na sauti haitoki. Sol bemoli ya Schubert iko pale pale. Mwalimu analazimika ama kuongeza nguvu na kuharibu mtetemo, ama kubahatisha. Rekebisho lake ni kuzungusha kishikizo kidogo kwa kila kibao. Vibao vyote 88, kwa mtu anayejua, ni kazi ya nusu siku.

Kile kibao cha mi kinachonata ni jambo jingine. Vijiti vidogo vya chuma ambavyo sehemu za ndani huzungukia hupita kwenye matundu yenye bitana ya kitambaa cha sufu, na unyevu wa masika ukikivimbisha kitambaa hicho, vinabana. Vinatolewa na tundu linapanuliwa kwa kiasi cha unywele. Tumesikia kwamba aliwahi kuja mtu akapuliza mafuta ya mashine mle ndani. Tafadhali asirudi. Mafuta hulainisha siku mbili, kisha huganda na vumbi, na huenea hadi kwenye nyuzi na pini zinazozikaza.

4. Shaba imekufa. Katika mji huu neno hilo linasomwa kwa namna nyingine, kwa hiyo tueleze. Nyuzi za juu za piano ni chuma tupu, tatu kwa karibu kila kibao. Za chini ni chuma kilichozungushiwa waya wa shaba, kwa sababu uzi mwembamba ungehitaji urefu wa ajabu ili utoe sauti nzito. Shaba huuongezea uzito bila kuukakamaza. Mji ulioishi kwa shaba tangu ulipoanzishwa mwaka 1910 una piano ambayo shaba yake imefunikwa na kutu ya kijani na vumbi lililojaa katikati ya mizunguko. Uzi wa namna hiyo hautetemeki, unatoa mshindo mfupi kama mtu anayegonga kasha. Kabla ya kununua nyuzi mpya kuna njia ya kujaribu: uzi unalegezwa, unapindwa kitanzi, na kitanzi kinasukumwa toka mwisho mmoja hadi mwingine ili uchafu udondoke, kisha unarudishwa. Baadhi hufufuka. Ambazo hazikufufuka hupimwa unene wa chuma cha ndani, unene pamoja na shaba, na urefu wa sehemu iliyozungushwa, ndipo nyingine zikaagizwa. Mkiagiza bila vipimo hivyo vitatu mtaletewa nyuzi za piano ya mtu mwingine.

5. Hewa ya ukumbi. Ubao wa sauti ni mbao laini, unene wake hauzidi sana milimita tisa, umepinda kidogo kuelekea juu. Unyevu ukiongezeka unavimba na kuzisukuma nyuzi, sauti inapanda. Ukikauka unalala, sauti inashuka. Tena haupandi sawa: nyuzi za katikati hupanda zaidi kuliko za pembeni, na kwa hiyo oktava zinafarakana. Piano hupenda unyevu wa asilimia 45 hadi 60, na zaidi ya yote hupenda unyevu usiobadilika. Sisi tuna kiangazi kikavu kabisa tangu mwezi wa tano hadi wa tisa, kisha mvua zinaanza. Usiku mliouchagua unaangukia wiki za mvua za kwanza, wakati mbaya kuliko wote katika mwaka. Hatuombi tarehe ibadilishwe, maana Mwalimu amejiandaa nayo. Tunaomba madirisha ya upande wa jukwaa yafungwe kuanzia wiki mbili kabla, piano isogezwe mbali na ule mlango wa chuma unaopigwa na jua la alasiri, na ifunikwe kwa blanketi nzito hadi miguuni. Ndoo ya maji chini ya piano, tuliyoiona mwezi wa nane, haisaidii kitu katika ukumbi ambao milango yake iko wazi, na mtu akijikwaa inaleta hasara.

6. Kifuniko si meza. Hilo tulisema katika barua zote mbili. Vyungu vya maua, chupa za maji, vikombe vya ushindi, hata bendera yenye kitako cha chuma, vyote vimewahi kuwekwa juu ya piano ile. Maji kidogo tu yakipita kwenye mwanya wa kifuniko yanaangukia pini za kukazia. Usiku huo wekeni maua sakafuni au mkononi mwa mtoto.

7. Jenereta. Umeme ukikatika, jenereta inawashwa ukutani nyuma ya jukwaa. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 1,500 kwa dakika hulipuka mara 50 kwa sekunde. Mtetemo wa Schubert unacheza kati ya sol bemoli, takribani mitetemo 46 kwa sekunde, na noti ya la bemoli, takribani 52. Mngurumo wa jenereta unakaa katikati yake hasa. Hakuna sikio linaloweza kuvitenganisha. Isogezwe hadi upande wa maegesho kwa waya mrefu, au jukwaa liwashwe kwa taa za betri kwa dakika 40 za sonata. Piano yenyewe haihitaji umeme.

Tunajua majibu yatakayokuja, kwa hiyo tuyapokee mapema.

Kwamba hakuna fedha. Kamati imepata fedha za kitenge, mabango na mahema. Hatusemi viachwe vyote. Tunasema mahema yapungue na fundi aje. Kipimo cha unyevu ni kidogo kama saa ya mezani na bei yake haifiki bei ya shada moja la maua.

Kwamba Lubumbashi hakuna fundi. Fundi anaweza kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, au kupanda ndege kutoka Kinshasa au Johannesburg. Tena akija, awekewe vijana wawili wa mji huu pembeni yake siku zote atakazofanya kazi. Zana za kuanzia ni chache: ufunguo wa kukazia pini, kabari za mpira za kunyamazisha nyuzi, utepe wa felti, na uma wa sauti wa 440. Mji wenye mafundi wanaosikia ubovu wa injini kabla boneti haijafunguliwa haukosi masikio.

Kwamba piano ni mzee. Ni mzee, ndiyo, lakini fremu haina ufa, na pini bado zinashika. Kinachochakaa katika piano ni felti, ngozi na nyuzi, na vyote hivyo hubadilishwa.

Kwamba tukodishe piano ya umeme. Kwa mazoezi ya kwaya ni chombo kizuri. Kwa sonata hii haifai. Mwalimu hushusha pedali ya kulia nusu tu, kiasi kwamba vizima-sauti vinagusa nyuzi bila kuzinyamazisha, na nyuzi ambazo hazikupigwa zinaitikia zile zilizopigwa. Kiasi hicho hukipata kwa mguu na sikio pamoja, akibadilisha kila sekunde kulingana na ukumbi, na piano ya umeme itampa spika mbili tu za kusikiliza.

Na kwamba watu hawasikii tofauti. Hili ndilo linalotuumiza. Watu wa Kamalondo, Kenya na Katuba, mitaa ya mji wetu, hutembea kwa miguu usiku kuja kumsikia Mwalimu, na wanajua sana ni wakati gani ukumbi unanyamaza. Hawana majina ya ubovu, lakini wanausikia.

Tunachoomba ni hiki. Siku 14 kabla ya onyesho, madirisha yafungwe na kipimo cha unyevu kiwekwe ndani ya ukumbi, mtu mmoja akiandika namba asubuhi na jioni. Siku ya kumi kabla, fundi apandishe sauti kwa mara ya kwanza na kurekebisha uachiliaji wa nyundo. Siku ya sita, apite mara ya pili na kushughulikia nyuzi za shaba. Siku mbili kabla, apite mara ya tatu na kulainisha nyundo, Mwalimu akiwepo, kwa sababu sauti inayotafutwa ni yake. Siku yenyewe fundi apewe saa mbili za kimya kamili mchana, bila mtu wa kujaribu vipaza sauti wala kupanga viti, na dakika 15 za mapumziko ya katikati. Piano isisogezwe tena baada ya hapo. Ikilazimika kusogezwa, isukumwe na watu wanne kwa mwili wake, kamwe isivutwe kwa nguzo ya pedali, maana ile ya kushoto tayari imepasuka kwa namna hiyo.

Hotuba ziwe baada ya muziki. Mpiga piano aliyekaa saa nzima akisikiliza sifa zake huenda kwenye kiti mikono ikiwa imepoa. Na nyuma ya jukwaa kuwe na chumba chenye mlango unaofungwa, beseni la maji ya moto na taulo.

Baada ya usiku huo, tunaomba kamati iweke piano kwenye bajeti ya kila mwaka kwa kukazwa mara mbili: mwezi wa sita kiangazi kikishatulia, na mwezi wa kumi na mbili mvua zikishazoeleka. Si wakati wa kubadilika majira, kwa sababu tulizokwisha kueleza.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku saba, likitaja jina la fundi na siku atakayoanza. Tuko tayari kuchanga nauli yake, na tumekwisha kuanza. Wawili kati yetu watakuwa ukumbini kila asubuhi kusaidia kunyanyua na kufunika. Ufunguo wa kifuniko uko kwenye droo ya mapokezi, umefungwa kwa utepe mwekundu. Tafadhali mlinzi apewe ruhusa ya kuutoa.

Wenu kwa heshima,

Wasikilizaji wa Mwalimu,
Lubumbashi